Sinema ya Ukumbini na Sinema ya Nyumbani

Katika midahalo ya shule zetu hurudi mara kwa mara hoja hii: kutazama sinema nyumbani ni bora kuliko kwenda ukumbini. Wasemaji wa upande mmoja husifu uhuru na unafuu wa gharama. Wa upande wa pili husifu ukubwa wa picha na uzito wa sauti. Pande zote mbili huishia kuzungumzia mitambo. Lakini historia ya sinema yatufundisha kumwangalia kwanza mtazamaji: anatazama pamoja na nani, na ni nani anayemfasiria akionacho? Kwa sisi tufundishao Kiswahili mbali na pwani, swali hilo latuhusu kuliko tunavyodhani.

Yafaa ikumbukwe kwamba biashara ya sinema ilianza kwa mtazamaji mmoja mmoja. Tarehe 14 Aprili 1894 lilifunguliwa duka katika mtaa wa Broadway, New York, lenye masanduku yaliyotengenezwa katika karakana ya Thomas Edison. Mteja aliinama, akachungulia tunduni, akaona peke yake picha zilizokwenda kwa muda usiotimia dakika moja. Kisha, tarehe 28 Desemba 1895, picha za ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, zilionyeshwa mjini Paris mbele ya watu kama 33 waliolipa kiingilio na kuketi pamoja. Sanduku la Edison halikudumu sana baada ya hapo. Watu walikwisha kuonja utamu wa kucheka na kushtuka wakiwa wengi.

Utamu huo ulifika kwetu mapema. Unguja ilijengewa jumba la Royal mwaka 1921, na miji mingine ya Afrika Mashariki ikafuata. Sinema za Kihindi zilijaza kumbi. *Awaara* ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa mno, ingawa wengi wa waliokwenda kuitazama hawakujua lugha yake. Aliyefahamu kidogo alimweleza jirani yake, na hadithi ikaendelezwa barazani siku zilizofuata. Hivyo picha ilitoka Bombay, bali masimulizi yake yakawa ya Kiswahili.

Nguvu ya masimulizi hayo wakoloni nao waliitambua. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu 35 za mafunzo juu ya kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Gari lilizipeleka Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, na maelezo yalitolewa kwa lugha mbalimbali za Kiafrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Makusudi yao yalikuwa yao. Lakini walijua kwamba picha isiyo na msemaji ni nusu ya habari.

Baadaye sinema ilianza safari ya kurudi nyumbani. Televisheni ndiyo iliyotangulia. Uingereza, tiketi za sinema zilizouzwa mwaka 1946 zilikuwa milioni 1,635. Mwaka 1984 zilibaki milioni 54 tu. Video za kaseti zilizotoka Japani, Betamax mwaka 1975 na VHS mwaka 1976, ziliongeza kasi, kwani sasa mtu aliweza kuchagua filamu na saa ya kuitazama. Hata hivyo kumbi hazikufa. Mwaka 2019 Waingereza walinunua tena tiketi kama milioni 176.

Kwetu mambo yalikuwa na sababu zaidi ya hizo. Uganda ilipata televisheni mwaka 1963, lakini pigo kubwa la kumbi lilikuja mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, ambao miongoni mwao walikuwamo wenye majumba ya sinema. Sinema ya Norman, mjini Kampala, baadaye ilianza kutumiwa na kanisa. Tanzania Bara nayo haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na kwa hiyo wengi waliijua video kabla ya televisheni.

Je, video iliwatenga watu? Si kila mahali. Mtafiti Minou Fuglesang, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu wasichana wa Lamu, aonyesha jinsi wanawake walivyokusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi na kuzijadili. Kwao nyumba ndiyo iliyokuwa ukumbi. Mwenye kuidharau sinema ya nyumbani hana budi kuwakumbuka wanawake hao.

Na asiyekuwa na mtambo nyumbani alikwenda bandani. Kampala huitwa kibanda. Tanzania lilienea jina la kibanda umiza, lisilohitaji maelezo kwa aliyewahi kukalia mabenchi yake. Humo alizaliwa upya msemaji wa sinema. Kampala wafasiri hao hujulikana kwa herufi mbili, VJ, na wengi wao hutumia Kiluganda. Dar es Salaam alitokea Lufufu, aliyezifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa namna yake mwenyewe, akieleza, akiongeza mizaha, akiwapa mashujaa wa mbali maneno ya mitaani. Walimu wengi tuliviogopa vibanda kwa sababu ya utoro wa wanafunzi na picha zisizofaa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini tusisahau kwamba kijana aliyekijua Kiswahili kwa shida darasani alikisikia kule kikichekesha na kutisha, akakaa saa mbili bila kuchoka.

Leo simu ya mkononi yaturudisha kwenye sanduku la mwaka 1894: mtu mmoja, picha ndogo, masikio yamezibwa. Unafuu wake hauna ubishi, na mgonjwa au mzazi mwenye watoto wachanga hawezi kulaumiwa. Hasara iko katika ukimya. Atazamaye peke yake hana wa kumweleza, na lugha isiyotumika kueleza hudumaa.

Basi walimu tusingoje kumbi zijengwe. Tuchukue filamu fupi, tuionyeshe darasani, kisha tuirudie sauti ikiwa imezimwa. Mwanafunzi mmoja asimame mbele na kuwasimulia wenzake kwa Kiswahili kile wanachokiona. Atakwama, atachekwa, atasahihishwa na wenzake; na kabla ya filamu kwisha, mwingine atakuwa ameinua mkono kuomba nafasi yake.