Makasha ya Droo na Sheria ya Ushuru: Sanaa ya Mbao Kuukuu Nchini Marekani

Sanaa ya kuunda makasha ya nakshi yenye droo kwa mbao zilizokwisha kutumika, iliyostawi Marekani kuanzia miaka ya 1870 hadi miaka ya 1940, ilichochewa kwa kiasi kikubwa na sheria ya kodi. Katika miaka ya 1860, serikali, ikiwa na mzigo wa gharama za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ilitoza ushuru sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, ikaagiza zifungashwe katika visanduku vyenye stempu ya ushuru, na ikakataza kisanduku kitupu kujazwa tena, ili stempu moja isitumiwe mara mbili. Kwa hiyo mbao nzuri za visanduku hivyo, za mwerezi wa Amerika, mti wa jamii moja na mkangazi, zikawa taka za bure katika kila mji.

Mbao hizo zilikuwa nyembamba na laini, hata kisu cha kukunja kilitosha kuzichonga. Fundi aliunda kwanza kiunzi cha kasha, mara nyingi kwa mbao nene za makreti ya matunda, kisha akakata vipande vya visanduku na kuchonga kingo zake kwa mapengo madogo ya pembe tatu yanayofuatana. Vipande hivyo vilibandikwa kwa gundi au misumari midogo, kila tabaka likiwa dogo kuliko lililo chini yake, mpaka uso wa droo ukainuka kwa ngazi. Uchongaji wa mapengo ulikuwa na mizizi katika ufundi wa Ujerumani na Skandinavia, ambako wahamiaji wengi walitoka.

Mwaka 1959 Frances Lichten, mtafiti wa sanaa za jadi za Pennsylvania, aliihusisha kazi hii na wazururaji waliotangatanga wakitafuta vibarua, na dhana hiyo ikaenea. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba waundaji wengi waliojulikana walikuwa wanaume wenye makazi na ajira, waliochonga baada ya saa za kazi. Na kwa kweli kasha zito lenye droo kadhaa, linalohitaji muda mrefu kukamilika, halikumfaa mtu asiye na mahali pa kuliweka.

Sanaa hii ilififia pale sigara za karatasi zilizotengenezwa kwa mashine zilipozishinda zile nene, na kadibodi ikachukua nafasi ya mbao. Kwa kuwa waundaji wengi hawakuandika majina yao, mtafiti hutegemea alama zilizobaki ndani ya droo, kama vile chapa ya bidhaa, namba ya kiwanda na wilaya ya ushuru. Alama hizo husaidia kukadiria umri wa mbao, lakini humtaja mlipa kodi, si mchongaji.