Hofu Ipelekwe kwa Nani? Ibrahimu, Shaka na Maana ya Kumtumaini Mungu

Mahubiri mengi yanayosikika leo Afrika Mashariki, katika mikutano ya injili na hata redioni, yanaiweka imani upande mmoja na hofu upande wa pili, kana kwamba moyo mmoja hauwezi kuvibeba vyote viwili. Mgonjwa aliyeombewa asipone huulizwa kama kweli aliamini. Mjane anayeuliza Mungu alikuwa wapi huambiwa anyamaze asije akakufuru. Shahidi anayeitwa mara kwa mara kuthibitisha fundisho hilo ni Ibrahimu, ambaye Paulo anamsifu katika Warumi 4 kwamba hakusita mbele ya ahadi ya Mungu. Nakusudia kumwita shahidi huyo huyo na kumsikiliza kwa kirefu zaidi. Hoja yangu ni kwamba masimulizi ya Mwanzo 12 hadi 22 hayapimi imani yake kwa kuangalia kama aliogopa au la. Yanatenganisha hofu aliyoipeleka kwa Mungu na hofu aliyoishughulikia mwenyewe kwa hila, na yanaonyesha matokeo ya kila moja.

Wengi wanaoandika juu ya imani ya Ibrahimu huanzia mlimani Moria, alipoagizwa kumtoa mwanawe Isaka sadaka, hasa tangu Søren Kierkegaard alipochapisha Hofu na Kutetemeka mwaka 1843. Ipo sababu nzuri ya kurudi nyuma hadi sura ya 15. Hapo ndipo Biblia inapoweka kwa mara ya kwanza kinywani mwa Mungu lile agizo la kutoogopa, na Abramu, kama Ibrahimu alivyoitwa bado, anajibu kwa malalamiko: hana mtoto, na mrithi wake atakuwa mtu wa nyumbani mwake tu. Anaonyeshwa nyota, anaamini, na imani hiyo inahesabiwa kuwa haki. Laiti simulizi lingekomea hapo, kwenye mstari wa 6, wahubiri wetu wangekuwa na hoja. Lakini mistari miwili mbele, mtu huyo huyo aliyekwisha kuhesabiwa haki anauliza atajuaje kwamba ataimiliki nchi. Mungu hamkemei. Anamwagiza alete ndama, mbuzi jike na kondoo dume, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na kinda la njiwa. Abramu anawapasua wale wanyama watatu, anapanga vipande vikielekeana, kisha anabaki akiwafukuza ndege walao mizoga wanaotua juu ya nyama. Jua likielekea kuchwa anashikwa na usingizi mzito, na giza la kutisha linamwangukia. Baadaye tanuru la moshi na mwenge wa moto vinapita kati ya vipande. Yeremia 34 inatusaidia kuielewa desturi hiyo: waliopita kati ya vipande vya ndama walikuwa wakijiapiza yawapate yaliyompata ndama wakilivunja agano. Katika Mwanzo 15 Abramu hapiti. Anayejifunga kwa kiapo ni Mungu peke yake, na anajifunga kwa mtu aliyemwuliza swali la shaka.

Sasa tulinganishe na sura za 12, 16 na 20. Njaa inapomshusha Misri, Abramu anahofia kuuawa kwa sababu ya uzuri wa mkewe, anamtaka Sarai aseme kwamba ni dada yake. Tangu anapoikaribia Misri hadi anapofukuzwa, hatusomi neno lake lolote la sala. Huko Gerari anarudia hila ile ile, na anapobanwa na mfalme Abimeleki anajitetea kwamba alidhani mahali pale hapana kicho cha Mungu. Katikati ya visa hivyo, ahadi inapochelewa, yeye na Sarai wanaamua kuiharakisha kupitia Hajiri, mjakazi Mmisri. Hapo pia hasikiki akimwuliza Mungu lolote. Hofu na shaka vipo hapa kama vilivyokuwepo katika sura ya 15. Kilichobadilika ni njia vilizopitia na mtu aliyelipa gharama: Sara anachukuliwa mara mbili katika nyumba za wafalme, na Hajiri anateswa hadi anakimbilia jangwani akiwa mjamzito. Hofu ambayo Ibrahimu hakuisema mbele za Mungu iliangukia mabega ya wanyonge wake.

Wachambuzi wa vyanzo watasema kwamba sura za 12 na 20 huenda ni mapokeo mawili ya kisa kimoja, hivyo haifai kuzisoma kama wasifu wa mtu. Na iwe hivyo. Hoja hii inahusu andiko kama tulivyolipokea. Waliokusanya mapokeo hayo waliviacha visa vyote viwili, tena cha pili wakakiweka mara tu kabla ya kuzaliwa kwa Isaka katika sura ya 21. Mhariri aliyetaka kutuchorea shujaa asiyetikisika angekiondoa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Paulo mwenyewe: ikiwa Ibrahimu aliuliza, akadanganya na kubuni njia za mkato, inawezekanaje kusema hakusita? Paulo anataja mwili wa mtu wa karibu miaka 100 na ugumba wa Sara, mambo yanayotukumbusha Mwanzo 17, sura ambamo Ibrahimu anaanguka kifudifudi na kucheka akijiuliza moyoni kama mzee wa umri huo atapata mtoto. Ni vigumu kudhani kwamba Paulo alikisahau kicheko hicho. Inaelekea zaidi kwamba anaupima mwendo mzima: miaka 25, tangu Abramu alipotoka Harani akiwa na miaka 75 hadi alipompata Isaka. Katika muda huo alitetereka mara nyingi, lakini hakuikana ahadi wala hakumgeukia mungu mwingine. Hata mwanamatengenezo Calvin, ambaye hakuna anayemshuku kwa ulegevu, alifundisha katika kitabu chake kikuu, toleo la 1559, kwamba imani ya waumini hupambana daima na wasiwasi. Vipi basi kuhusu Yakobo mwandishi wa waraka, anayemfananisha mwenye shaka na wimbi la bahari? Yakobo anamweleza mtu huyo kuwa mwenye nia mbili, na katika sura ya 4 anawaita hivyo watu wanaotaka urafiki na Mungu na dunia kwa pamoja. Ibrahimu hayumo katika kundi hilo. Sura ya 2 ya waraka huo inamwita rafiki wa Mungu, tena kwa kunukuu Mwanzo 15:6, mstari uliozungukwa na malalamiko kabla na swali baada yake.

Nje ya kanisa, Sigmund Freud alidai mwaka 1927 kwamba dini huzaliwa na matamanio: binadamu mwenye hofu hujitungia baba wa kumlinda. Dai hilo lina ukweli wake, maana wengi huomba ili watulizwe tu. Lakini kitulizo anachopewa Abramu ni cha ajabu: anaambiwa kwamba uzao wake utateswa ugenini kwa miaka 400, na kwamba yeye atazikwa kabla ya hayo kutimia. Hili halithibitishi kwamba Mungu yupo. Linaonyesha tu kwamba maelezo ya Freud hayalitoshi andiko hili.

Simfuati Paul Tillich, aliyeandika mwaka 1957 kwamba shaka ni sehemu ya imani yenyewe. Mateso ya Hajiri yanatukataza kuigeuza shaka kuwa fadhila. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, ila kina uzito wa kichungaji. Mchungaji aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa hana haja ya kuchunguza kama mgonjwa anaogopa. Ana wajibu wa kumpa nafasi ya kumwambia Mungu kwamba anaogopa, kwa sauti, na bila kusahihishwa. Kanisa linalomnyamazisha halimwondolei hofu. Linamzibia njia ya sura ya 15 na kumwachia ile ya sura ya 12: safari ya usiku kwa mganga, sadaka ya kununulia muujiza, lawama kwa mke asiyezaa. Kwa hiyo zaburi za malalamiko, ambazo ibada zetu huziruka kwa urahisi, zirudishwe mahali pake, na anayeziomba kwa machozi asihesabiwe kuwa amepungukiwa na imani.