Mafaili yakipanda mtandaoni: nani anabeba, nani anatunza

Kila msimu wa harusi ukipita tunapokea swali la aina moja. Ndugu wa Mbagala au Tegeta wameoza binti, mpiga picha amesema video "iko mtandaoni", halafu miezi inakatika. Msikilizaji wa Kibiti au Mkuranga anauliza: hiyo video iko wapi hasa, na nikikaa mbele ya kompyuta ya mtu naweza kuichukua mwenyewe?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Flashi ilitiwa kwenye bahasha, bahasha ikaandikwa namba ya simu, ikakabidhiwa kondakta pale Rangi Tatu, nawe ukaisubiri kituoni. Siku hizi mafaili ni makubwa, na baadhi ya wapiga picha, studio za kurekodi na hata steshenari wanayaweka kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile inayoitwa wingu. Wanaofanya kazi hiyo kila siku hawaipakii kwa kubofya ukurasa wa Google mmoja mmoja. Wanatumia programu ya kuhamishia mafaili iliyowekwa kwenye kompyuta. Leo tunaieleza programu hiyo, kwa sababu picha za watu hupotea kwa kutoielewa.

Fikiria mtu wa mkokoteni katika soko la Tandika. Anachukua magunia kwenye lori anayapeleka stoo, au anayatoa stoo kumpelekea mteja. Mzigo si wake na stoo si yake. Akienda nyumbani jioni, magunia yanabaki stoo. Programu ya kuhamishia mafaili ni huyo mtu wa mkokoteni. Stoo ni Google Drive, Dropbox, OneDrive, Amazon S3, Backblaze B2 au seva ya kampuni fulani. Ukifunga programu, au hata ukiifuta kwenye kompyuta, mafaili yaliyoko stoo hayaguswi. Lakini ukimwambia mtu wa mkokoteni atupe gunia lililoko stoo, atalitupa kweli, na hatakuuliza sababu. Tutarudi kwenye jambo hilo, maana ndilo linaloliza watu.

Programu za kazi hii zina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Kanuni ya kwanza ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta na kompyuta, FTP, iliandikwa na Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa akisoma chuo cha MIT kule Marekani, mwezi Aprili 1971. Ni mwaka ule ule Tanganyika ilipotimiza miaka 10 ya uhuru. FTP bado inatumika, ila ina udhaifu: nywila yako inasafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua SFTP au FTPS, ambazo hufunga kila kitu kwa siri kabla ya kukisafirisha.

Kwa hifadhi za mtandaoni, programu ya bure inayozungumza na stoo nyingi ni Cyberduck, yenye alama ya bata. Inafanya kazi kwenye Windows na Mac. FileZilla inajulikana zaidi, lakini ile ya bure inafahamu FTP, FTPS na SFTP tu. Ukitaka ifungue Google Drive au Amazon S3 lazima ununue FileZilla Pro. WinSCP ni ya Windows peke yake, ni ya bure, inafungua SFTP na S3, lakini Google Drive haimo. Zote pakua kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Faili la programu ulilopewa kwenye flashi ya jirani linaweza kuwa limebeba virusi.

Hatua zenyewe ni chache. Tuseme una Cyberduck na akaunti ya Google. Fungua programu, bofya kitufe kilichoandikwa "Open Connection", na kwenye orodha ya juu chagua Google Drive. Bofya "Connect". Kivinjari kitafunguka na Google itakuuliza kama unaruhusu programu hii iguse mafaili yako. Ukikubali, unarudi kwenye Cyberduck na kuona mafolda yako yamepangwa kama yalivyo kwenye kompyuta. Kupakia, buruta faili kutoka kwenye kompyuta uliachie ndani ya dirisha hilo. Kupakua, bofya faili mara mbili. Dirisha dogo la "Transfers" linaonyesha kilichokwenda, kinachokwenda na kilichokwama.

Kwa Amazon S3 hakuna kuingia kwa Gmail. Unapewa vitu viwili: kitambulisho kifupi cha ufunguo na ufunguo wa siri ulio mrefu. Stoo zake zinaitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya ndoo, kwa hiyo ukimsikia fundi akisema faili lako liko kwenye "bucket" usidhani anakutania.

Sasa tuje kwenye MB, kwani hapo ndipo mahesabu ya bando yanapoharibika. Rekodi ya redio ya saa 1, ikiwa ni WAV yenye ubora wa CD, inakula kama MB 635. Rekodi hiyo hiyo ikiwa MP3 ya kawaida ya kbps 128 inakula kama MB 58. Video ya harusi ni habari nyingine kabisa. GB 20 si ajabu. Google inatoa GB 15 bure, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha, hivyo harusi moja tu haitoshi humo. Tena angalia kasi. Kampuni za simu hutaja kasi kwa megabiti, wakati mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde itachukua karibu saa 9 kupeleka GB 20 bila kukatika hata mara moja. Mpiga picha wa Chamazi anapokuambia "nitapakia leo usiku", anamaanisha usiku mzima, kama umeme utakuwepo.

Na kukatika kupo. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi za jirani. Siku kama hiyo, aliyekuwa katikati ya kupakia anabaki na swali: nusu iliyokwenda iko wapi? Jibu linategemea stoo. Kwenye seva ya FTP, faili lililokatikia njiani linaweza kubaki pale likiwa na jina lake kamili, na mtu akiliona kwenye orodha atadhani limefika. Kinachomuumbua ni ukubwa: la kompyuta ni GB 4, la stoo ni GB 1.6. Kwenye Amazon S3 mambo ni kinyume. Faili kubwa hukatwa vipande, na mpaka kipande cha mwisho kifike huoni kitu kwenye orodha. Lakini vipande vilivyotangulia vimekaa stoo na vinatozwa kodi ya nafasi hadi vifutwe. Nimeona bili ya mtu ikipanda mwezi hadi mwezi kwa mizigo ambayo hata haionekani.

Kwa hiyo, kazi ikikatika, usianze upya haraka. Fungua "Transfers" ujaribu kitufe cha kuendeleza, "Resume", programu ione kama inaweza kuanzia ilipoishia. Ikiisha, linganisha ukubwa wa faili pande zote mbili, kisha fanya jambo ambalo watu wengi wanaliruka: lipakue faili moja au mawili kwenye simu uyafungue. Video icheze hadi dakika ya mwisho. Hapo ndipo unaweza kufuta kadi ya kamera. Kabla ya hapo, kadi ile usiiguse hata kama mteja mwingine anasubiri mlangoni.

Nilisema tutarudi kwenye kutupa magunia. Programu nyingi za aina hii zina kazi ya kulinganisha folda mbili, kwa Kiingereza huandikwa "Synchronize" au "Sync". Lengo lake ni zuri: folda ya kompyuta na ya stoo zifanane, bila wewe kupakia tena yaliyokwisha kupakiwa. Tatizo ni swali la nani anamfuata nani. Kwenye WinSCP kuna kisanduku cha "Delete files". Ukikitia alama, faili lolote lililoko upande unaopelekewa na ambalo halipo upande unaotoka litafutwa.

Mimi lilinipata. Nilikuwa nimebadilisha kompyuta, nikaunda folda mpya tupu ya vipindi, nikataka kuijaza kutoka stoo. Mshale wa mwelekeo ulikuwa unatazama upande mwingine. Programu ikatii: folda yangu ilikuwa tupu, ikaifanya na stoo iwe tupu. Mahojiano ya wazee wa Rufiji kuhusu mafuriko, kazi ya wiki tatu, yakaondoka kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Machache niliyapata kwa mwenzangu aliyekuwa ameyanakili kwenye simu yake. Mengine hayakurudi, na mmoja wa wazee wale hatunaye tena.

Tangu siku hiyo situmii kazi hiyo bila kuweka alama kwenye "Preview changes", ambayo inaonyesha orodha ya yatakayotokea kabla hayajatokea. Nikiona alama za kufuta nisizozitarajia, nafunga. Tena usitegemee kapu la taka. Google Drive huweka kilichotupwa kapuni kwa siku 30, lakini stoo kama S3, isipowekewa mpango wa kutunza matoleo ya nyuma, ikifuta imefuta. Na mafaili ya muhimu yawe na nakala sehemu nyingine ambayo programu hii haifiki, kwa mfano diski ya nje inayokaa kabatini.

Jambo jingine ni funguo, na hili linakuhusu hata wewe usiye na kompyuta. Ukiingia Google Drive yako kupitia Cyberduck kwenye kompyuta ya steshenari, kibali ulichotoa kinaweza kubaki kwenye kompyuta ile baada ya wewe kuondoka. Kijana wa zamu ya jioni akibofya alama iliyohifadhiwa, anaweza kuona mafaili yako bila kujua nywila yako. Kwa hiyo futa alama hiyo kabla ya kusimama. Kisha kwenye simu yako ingia myaccount.google.com, sehemu ya usalama, utafute orodha ya programu zilizounganishwa na akaunti yako, uiondoe Cyberduck. Ni dakika mbili. Nakala ya hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa na picha za familia vyote vimo humo.

Upande wa wenye biashara, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu anayekusanya na kutunza taarifa za watu. Mteja ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatumikaje na kuomba zilizokosewa zirekebishwe. Sheria pia imeweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na wingu karibu kila mara liko nje ya nchi. Jengo lenye faili la harusi ya Mbagala linaweza kuwa Cape Town, Ulaya au Marekani.

Kuhusu anayelipa: stoo ya kulipia inataka kadi, na wengi hutumia kadi pepe ya Visa au Mastercard iliyounganishwa na pesa za simu. Salio likikosekana, huduma inaweza kusimamishwa na baadaye mafaili kufutwa. Hata akaunti ya bure ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Ndiyo maana mpiga picha akisema "iko mtandaoni", muulize mambo matatu kwa upole: iko stoo gani, akaunti ni ya nani, na itakaa mpaka lini.

Halafu omba kiungo. Mwenye stoo anaweza kubofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi akatengeneza kiungo cha kukutumia kwa WhatsApp, nawe ukapakua kwa simu bila programu yoyote. Viungo vya S3 huwa na muda: saa 1, siku 1, kisizidi wiki 1. Kwa hiyo usiseme "nitumie tu, nitafungua nikipata bando". Nunua bando kwanza, simu iwe na nafasi ya kutosha, ndipo umpigie akutumie. Ukikuta kiungo kimekufa, faili halijapotea. Mwambie atengeneze kingine.