Vijazio vya meno
Vijazio vya meno ni vitu vya kuzibia tundu la jino lililooza. Amalgamu ni imara, ila karibu nusu yake ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki ulitaka matumizi ya amalgamu yapunguzwe. Kompoziti hupendeza kwa rangi, lakini huhitaji taa maalumu na jino kavu kabisa. Kwa zahanati za vijijini Mbeya na Iringa, chenye manufaa zaidi ni glasi ionoma: unga na majimaji hukorogwa kwa mkono, hushikamana na jino, kisha huachia floridi. Ndicho kijazio kikuu cha mbinu ya ART (Atraumatic Restorative Treatment), iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ambapo uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine.