Mama Yake Yuko Wapi?

Tarehe 6 Aprili 2020, England ilipiga marufuku biashara moja ya siku nyingi: maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa na wa paka walio chini ya miezi sita. Tangu siku hiyo, anayetaka mtoto wa mbwa huwa na njia mbili. Anaweza kwenda kwa mzalishaji mwenyewe na kumwona mtoto akiwa na mama yake, au kwenda kwenye makao ya wanyama waliokosa wenyewe. Watu wanaiita Sheria ya Lucy. Lucy alikuwa mbwa jike mdogo, aina ya Cavalier King Charles Spaniel, aliyetolewa mwaka 2013 kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales. Kwa kuwekwa muda mrefu mahali finyu na kuzalishwa mfululizo, uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda na nyonga zake zimeshikana. Alikufa mwaka 2016, kabla sheria yenye jina lake haijaandikwa.

Kinachonishangaza ni muda uliopita kabla sheria haijauliza swali la mama. Waingereza walianza kutunga sheria za mbwa zamani sana, lakini walianzia kwenye fedha. Kodi ya mbwa iliwekwa mwaka 1796. Baadaye ikaja leseni, ambayo mwaka 1878 ilipanda hadi shilingi saba na nusu, na hapo ikaganda kwa zaidi ya karne. Ilipofutwa mwaka 1987 ilikuwa senti 37 tu za pauni, na kuikusanya kuligharimu kuliko ilivyoingiza. Leseni hiyo ilimhesabu mbwa ambaye tayari ana mwenyewe. Wangapi wanazaliwa, na kwa nini, haikuwa kazi yake.

Wakati huohuo mambo mawili yalizaliwa kama pacha. Juni 1859, mjini Newcastle, yalifanyika maonyesho ya mbwa yanayotajwa kuwa ya kwanza kupangwa rasmi. Zawadi za washindi zilikuwa bunduki. Mbwa wenye nasaba wakawa fahari, na mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club. Katikati ya hayo, mwaka 1860, mwanamke aitwaye Mary Tealby alifungua banda huko Holloway, London, kwa ajili ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Gazeti la The Times lilimdhihaki. Mwaka 1867 polisi wa London walipewa mamlaka ya kukamata mbwa wazururaji: siku tatu, na asipodaiwa, auzwe au auawe. Banda la Tealby lilihamia Battersea mwaka 1871, na wengi walioingia humo miaka ile hawakutoka. Mkono mmoja ulizalisha kwa sifa, mwingine ukafagia barabara, na hakuna aliyeiona mikono hiyo kuwa ya mwili mmoja.

Siwacheki. Nilikokulia, mbwa akizaa, watoto walitiwa kwenye kiroba kabla hawajafumbua macho, na kijana mmoja akatumwa nacho mtoni. Hatukuwa na sheria wala makao. Tulikuwa na kiroba. Mama mtu alizunguka uani siku mbili tatu akinusa.

Leseni ya kuzalisha mbwa kibiashara ilikuja Uingereza mwaka 1973. Lakini sheria niipendayo zaidi ni ya 1999, kwa sababu hatimaye iliuangalia mwili. Mbwa jike asipandishwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Asizae zaidi ya mara sita maishani. Kati ya uzazi na uzazi ipite miezi 12. Hata hivyo dalali alibaki palepale, na mradi yupo katikati, mnunuzi aliona kikapu cha watoto safi na hakuona banda. Huko Wales, kanuni za 2014 zilidai angalau mhudumu mmoja kwa kila mbwa wazima 20. Piga hesabu: kwa siku ya kazi ya saa nane, kila mbwa anapata dakika 24, za chakula, usafi na kupapaswa, bila kuwataja watoto.

Ndiyo maana Sheria ya Lucy ilimlenga dalali. Wales nayo ilifuata Septemba 2021. Bahati mbaya, ya England ilianza siku 14 tu baada ya serikali kuamuru watu wakae majumbani kwa sababu ya korona. Kila mpweke akataka mbwa, bei zikapaa, na kisingizio kikawa tayari: huwezi kuingia ndani, tukutane kwenye maegesho. Wengine wakabuni mama wa bandia, yaani mbwa jike mpole anayelazwa karibu na watoto wasio wake mpaka mnunuzi alipe na kuondoka.

Sheria haiwezi kuingia na kila mnunuzi sebuleni. Kwa hiyo wenye makao ya mbwa huwafundisha wanunuzi kutazama wenyewe. Tazama chuchu za mama. Anayenyonyesha zimejaa na kuning'inia. Tazama kama watoto wanamkimbilia. Tazama kama yeye anawanusa, au anajivuta pembeni wanapomkaribia.