Ndugu wa Tenofovir

Barabara inayotoka Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, hupanda vilima vya Buha mpaka Manyovu, na ukivuka mpaka tu uko Mugina, Burundi. Kiha na Kirundi vinakaribiana mno hata mnunuzi na muuzaji hawahitaji mkalimani. Burundi ilipotangaza wagonjwa wa mpox Julai 2024, basi, ugonjwa ulikuwa umefika kwa jirani. Aina ya kirusi iliyofika huko ilikuwa imeanza kusumbua Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini, tangu Septemba 2023.

Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Kesho yake yakatoka matokeo ya majaribio ya dawa ya tecovirimat, yaliyofanyika Tunda na Kole nchini Congo kwa wagonjwa 597. Dawa haikufanya vidonda vipone mapema zaidi. Waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wenye dawa na wasio nayo sawasawa, tena wachache kuliko ilivyozoeleka Congo; kulazwa na kuuguzwa vizuri kulisaidia. Tecovirimat humzuia mtoto wa kirusi asivae joho la kutokea kwenye seli. Wakati huo keshazaliwa.

Iko njia nyingine, ya zamani zaidi: kumzuia asizaliwe. Mwaka 1976 mkemia Antonín Holý wa Prague alikutana mjini Göttingen na daktari Erik De Clercq wa Leuven, Ubelgiji. Ulaya ilikuwa imegawanyika, lakini mmoja akawa anatengeneza kemikali, mwenzake anazijaribu kwa virusi. Mwaka 1986 walitangaza ya kwanza iliyoshinda virusi vingi vya DNA, na katika ukoo huo wakazaliwa cidofovir na tenofovir.

Kirusi cha DNA hunakiliwa na kimeng'enya kiitwacho polimerase, ambacho huunganisha herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayetunga shanga. Cidofovir ni shanga bandia: ikishaingia kwenye uzi, kazi inakwama. Na virusi vya jamii ya ndui, cha mpox kikiwamo, hujinakili nje ya kiini cha seli, ambako polimerase zetu za kiini hazifiki. Hulazimika kuja na polimerase yao. Hapo ndipo pa kuvipiga.

Tenofovir ndiyo iliyopata jina. Marekani iliiidhinisha mwaka 2001, na leo ni herufi ya kwanza ya TLD, kidonge ambacho watu wanaoishi na VVU Kigoma, kama kwingineko nchini, hukichukua kliniki. Hukwamisha pia kirusi cha homa ya ini aina ya B. Holý alifariki Julai 16, 2012, siku ileile Marekani ilipokubali dawa yenye tenofovir itumike kuzuia maambukizi ya VVU.

Cidofovir haikuwa na bahati hiyo. Hutiwa mshipani na huumiza figo. Wakemia wakaifungia mkia wa mafuta ili imezwe na iwe nafuu kwa figo, ikaitwa brincidofovir. Mwaka 2021 Marekani iliiidhinisha kwa ndui, ugonjwa uliokwisha kutokomezwa. Majaribio yake kwa wagonjwa wa mpox, yaitwayo MOSA, yalianza Congo Januari 2025. Machi 10 mwaka huohuo Tanzania ikathibitisha wagonjwa wake wawili wa kwanza.