Sanamu za Mpanda Farasi kwa Wasenufo

Wasenufo ni wakulima wakaao kaskazini ya Côte d'Ivoire, kusini ya Mali, na pembe ya kusini-magharibi ya Burkina Faso. Tangu zamani kazi yao ni jembe, na mkulima hodari hupewa heshima ambayo mataifa mengine humpa shujaa wa vita. Kwa hiyo twastaajabu kuona ya kuwa katika sanamu zao za mti imo moja yenye sifa kubwa, nayo ni mtu aliyepanda farasi.

Farasi ni mnyama adimu katika nchi ile, maana mbung'o humwua upesi. Aliyeweza kumnunua na kumlisha alikuwa tajiri, au mwenye nguvu. Tena katika karne ya 19 wapanda farasi walikuja na vita. Samori Touré aliuzingira Sikasso, mji mkuu wa wafalme wa Kénédougou, tangu 1887 hata 1888, asiweze kuuteka. Baadaye akahamia mashariki, na mwaka 1897 akauharibu mji wa Kong. Vita vile vilikoma mwaka 1898, Wafaransa walipouteka Sikasso na kumkamata Samori. Kwa watu wa jembe, kishindo cha kwato kilikuwa habari ya moto na utumwa.

Sasa na tuitazame sanamu yenyewe. Mafundi waitwao Kulebele huichonga kwa tezo katika gogo moja. Farasi ni mdogo, miguu yake mifupi; aliyempanda ana kiwiliwili kirefu na kichwa kikubwa, na mara nyingi ameshika mkuki au bunduki. Asidhani msomaji ya kuwa fundi hakujua kupima. Amepima cheo, wala hakupima mwili.

Jina lake ni syonfolo, yaani mwenye farasi. Neno folo lamaanisha mwenyewe, kama katika tarfolo, mwenye ardhi. Basi jina halisemi juu ya kupanda, bali juu ya kumiliki.

Lakini mahali pake si barazani kwa mfalme. Hukaa katika kijumba cha mwaguzi, na waaguzi wa chama cha Sandogo walio wengi ni wanawake. Chama hicho hulinda ukoo wa kukeni, ambao kwao mtu hupata nasaba yake. Mwenye shida huja, akaketi karibu na mwaguzi, wakashikana mikono. Naye huwauliza madebele, pepo wa mwituni, sababu ya ugonjwa au msiba. Mbele yake zipo sanamu mbili, mume na mke, na mwaguzi aliyefanikiwa huongeza mpanda farasi. Huyu huonyesha uwezo wa pepo, na wepesi wao wa kupeleka na kurudisha habari.

Hapo twaona maana iliyo kubwa. Wasenufo hawakumsahau yule aliyewatisha babu zao, wala hawakumchonga ili wamsujudie. Walimtwaa pamoja na farasi wake na silaha yake, wakamweka chini ya mikono ya mwanamke aketiye chini, awe tarishi wake. Leo sanamu nyingi za namna hii zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na atazamaye huenda akadhani ni mfalme. Kumbe ni mjumbe. Na aliyemtuma hayupo kando yake.